Sangara Wanaokula Kisamvu

Asubuhi ya pili sangara wa kizimba cha tisa walipokataa kula, Bwire hakupiga simu. Alikuja mwenyewe kiwandani kwa boti ya jua, akaifunga kwenye nguzo, akapanda ngazi za mawe polepole. Perusi alimwona kupitia dirisha la chumba cha kutengenezea punje za chakula cha samaki, na kabla mtu huyo hajafika mlangoni alishajua kwamba habari si njema. Bwire alikuwa mdogo wa marehemu mume wake, na kwa miaka yote aliyomfahamu hakuwahi kumkaribia bila utani. Kwa kawaida alianza kumchokoza akiwa bado hatua hamsini. Leo alikuwa kimya.

"Shemeji, wanatema," alisema. "Wote. Jana nilidhani maji yamechafuka. Leo maji ni safi mpaka unaona nyavu za chini, na bado wanatema."

Perusi alizima mashine ya punje ili asikie vizuri. Aliuliza kama ni macho ya Bwire yaliyoona hivyo au ni Msikizi aliyesema. Bwire alimjibu kwamba ni vyote viwili, na akamgeuzia kioo cha mkononi, kilichoonyesha ubao wa kizimba, aone mwenyewe.

Kila kizimba cha kisiwa cha Bwisengo kilikuwa na Msikizi wake, kifaa cha ukubwa wa nazi kilichoning'inizwa katikati ya maji, na kazi yake ilikuwa kusikiliza tu. Sangara akimeza punje hutoa mlio mmoja mfupi, mzito, kama kizibo kinapong'olewa chupani. Akiitema hutoa milio miwili myepesi. Msikizi huihesabu milio hiyo, maelfu kwa maelfu, kisha huandika neno moja kwenye ubao wa kizimba: wanameza, wanasita, au wanatema. Kwa miaka sita ambayo Perusi alikuwa amefanya kazi pale, neno la tatu alikuwa ameliona kwenye mazoezi tu. Sasa lilikuwa mbele yake, jekundu, na chini yake idadi ya samaki: elfu nne na kumi na wawili.

"Wamekufa wangapi?"

"Hakuna. Wana njaa tu, na wamekasirika. Wananitazama kama mimi ndiye mpishi."

Utani huo ulitoka bila nguvu. Perusi aliuliza mkaguzi wa Tume ya ziwa angefika saa ngapi, ingawa saa aliijua. Bwire akasema saa nane mchana, na kwamba boti yake ilikuwa imeshatoka Mwanza.

Huo ulikuwa mwaka wa kumi tangu viwanda vikatazwe kusaga dagaa. Perusi aliukumbuka vizuri wakati wa kabla yake. Dagaa wa ziwa lote walikuwa wakisagwa kuwa chakula cha samaki wa vizimbani, na samaki hao wakikatwa minofu na kupelekwa mbali kwa watu wenye meza ndefu, huku watoto wa mialoni, kule mitumbwi inakotia nanga, waliozaliwa mita mia kutoka majini, wakivimba miguu na nywele zao zikigeuka rangi ya kutu kwa kukosa kitoweo. Mtoto wake wa kwanza, Nyafuru, alikuwa mmoja wao. Watu bado walimwita Perusi Mama Nyafuru, naye aliitika, lakini habari za kaburi lile hakuzizungumza na mtu isipokuwa Mungu.

Ndipo sheria ikaja: dagaa ni wa kuliwa na watu. Kila mtoto wa chini ya miaka mitano akapata mgao wake Jumamosi pale mwaloni. Wafugaji wakauliza sangara wao wangekula nini, maana sangara ni mla nyama tangu Mungu alipomuumba, na Bwisengo wakajibu kwa kitu kilichomea nyuma ya kila nyumba, majani ya mihogo. Watu walicheka. Walisema huko ni kumfundisha simba kula mchicha. Lakini wataalamu walikuwa wametengeneza chachu, kijidudu kisichoonekana kwa macho, ambacho kikichanganywa na majani yaliyopondwa kinayala na kutengeneza ndani yake vile vitu ambavyo sangara hupata kwenye nyama tu. Majani yakawa na mafuta ya samaki bila samaki. Sangara wakala. Wakanenepa.

Sheria hiyo ilipewa miaka kumi, na miaka kumi ilikuwa inakwisha mwezi huo. Tume ingeiongeza kama chakula cha majani kingemaliza msimu wa mwisho bila kushindwa kwenye kizimba hata kimoja. Bwisengo palikuwa mahali pa mwisho kukaguliwa. Kama pangepatikana dosari isiyo na maelezo, malori ya kubebea dagaa kwenda viwandani yalikuwa tayari. Kila mtu alijua yameegeshwa wapi.

"Unajua watakachosema," alisema Bwire. "Watasema sangara wamekumbuka nyama."

Perusi alijua. Ulikuwa uvumi wa siku nyingi, na wenye kuusambaza walikuwa na sababu zao: kwamba majani yanamdanganya sangara kizazi kimoja, viwili, vitatu, lakini siku moja damu ya mla nyama itaamka na hapo hakuna chachu itakayomrudisha. Ulikuwa uvumi mtamu kuusimulia. Hakuna aliyewahi kuuona ukitokea, mpaka labda leo.

*

Vizimba vingine vyote vilikuwa bado vinakula mchanganyo wa wiki iliyopita, na vilikuwa vinameza. Cha tisa peke yake kilikuwa kimeanza mchanganyo mpya, ule wa Jumatatu. Perusi alichukua ufunguo wa ghala, akamwambia Bwire amfuate.

Mashine ya kupimia, ambayo wao waliiita Mwonjaji, ilikuwa imeupitisha mchanganyo huo. Cheti chake kilikuwa kimebandikwa kwenye kila gunia: protini sawa, mafuta sawa, sumu hakuna. Perusi alikisoma mara mbili. Kisha alikata gunia la katikati, akaingiza mkono hadi kwenye kiwiko, akatoa konzi ya punje, akazivunja kwa vidole na kunusa.

Ilikuwa harufu hafifu sana. Mtu aliyekulia mahali pengine angeipita. Lakini mwanamke wa kisiwa kile, aliyemenya muhogo mchungu tangu akiwa na miaka sita, hawezi kukosea harufu ya muhogo mchungu mbichi uliokwaruzwa.

Alikaa chini juu ya magunia. Bwire alimuuliza kuna nini, lakini Jumatatu yote ilikuwa imerudi mbele ya macho yake.

Jumatatu ile saa tisa, majani yakiwa yametandazwa kwenye vitanda vya mbao, yamepondwa na kunyunyiziwa chachu, wadudu wa ziwani walitokea. Walikuja kama wanavyokuja siku zote, wingu jeusi linaloinuka juu ya maji kama moshi wa nyasi, kisha linaelekea nchi kavu. Kwa dakika chache walikuwa wameingia machoni, puani, kwenye kila kitu kilicho wazi. Wenzake walikimbilia ndani. Perusi alibaki. Aliyatazama majani yake, kazi ya siku mbili, yakigeuka meusi kwa wadudu, na mkono wake ukafanya kitu ambacho mkono wa mama yake ungefanya, na wa bibi yake pia. Alichukua turubai jipya, akalifuta kwa maji na sabuni, akayafunika. Akalikandamiza kwa mawe kila upande. Alilala usiku huo akiwa na amani ya mtu aliyetimiza wajibu, na turubai halikutolewa mpaka Jumatano asubuhi, majani yalipoondolewa kwenda kukaushwa.

Kufunika chakula hakuhitaji kufikiria. Chakula kilichoachwa wazi nyumbani kwao kilikuwa aibu ya mwenye nyumba, na mgeni aliyekikuta hivyo alikuwa na haki ya kukisimulia kijiji kizima. Ni kweli kisamvu kikiwa jikoni huachwa sufuria wazi kichemke, hilo alilijua tangu utoto. Lakini majani yale hayakuwa jikoni. Yalikuwa yanangoja, na chakula kinachongoja hufunikwa.

Sasa, akiwa na punje mkononi, aliunganisha alichofundishwa na alichokifanya. Sumu ya mihogo ni kitu cha ajabu. Jani likiwa zima, haipo. Jani likipondwa, vitu viwili vilivyokuwa vimetengana ndani yake vinakutana, na hapo ndipo inazaliwa. Lakini ni sumu inayopenda kuondoka; ukiyatandaza majani kwenye upepo kwa siku mbili, inapaa na kwisha. Ndiyo sababu ya vitanda vipana na paa lisilo na kuta. Yeye alikuwa ameifungia humo humo na kuibana kwa mawe.

Na Mwonjaji? Mkono wa Mwonjaji ulichota kutoka kwenye kona ya kitanda, palipo karibu nao. Turubai lilikuwa fupi kwa hatua moja. Kona ilibaki wazi, sumu ya kona ikapaa, na mashine ikasema ukweli wa kona.

Alimweleza Bwire yote hayo, taratibu, bila kujipunguzia lawama. Bwire alisikiliza mpaka mwisho. Kisha alitazama mlangoni, akarudi karibu.

"Nani mwingine anajua?"

"Hakuna. Wenzangu walikuwa ndani, na Jumanne zamu ya vitanda ilikuwa yangu peke yangu. Turubai nililiondoa mwenyewe."

"Basi ni wewe, mimi na turubai," alisema Bwire, "na turubai silioni likienda kutoa ushahidi."

*

Bwire aliondoka, akarudi baada ya nusu saa na kopo la bati.

Mpango wake ulikuwa rahisi, na ubaya wake ni kwamba ungefanya kazi. Mashine ya kulisha haikufungua gunia lolote isipokuwa la mchanganyo ulioandikwa kwa kizimba hicho, na mchanganyo haukubadilishwa mpaka mchanganyaji atoe sababu kwa sauti yake, nayo sababu hiyo ihifadhiwe. Kwa hiyo, alisema Bwire, wasibadilishe kitu. Wanyunyize tu unga wa dagaa juu ya punje zile zile, kwa mkono, kidogo. Sangara wangesikia harufu ya dagaa baada ya njaa ya siku mbili wakameza kila kitu. Msikizi angeandika wanameza. Mkaguzi angeona, angeandika, angeondoka. Kesho wangetafuta njia ya kumaliza magunia yale.

"Na sumu?"

"Wewe ndiye uliyesoma. Niambie wewe."

Perusi alipiga hesabu kichwani, na hesabu ikawa upande wa Bwire. Kiasi kile hakingemuua sangara mkubwa. Kingemlegeza siku mbili tatu, kisha mwili wake ungekitoa. Kuvuna kulikuwa bado miezi minne. Hakuna mtu ambaye angedhurika mezani.

Na faida zake zilipangana zenyewe. Majani yangepita. Sheria ingeongezwa miaka kumi mingine. Watoto wangeendelea kupata mgao wao. Na katika mkoba ule ule wa mkaguzi kulikuwa na cheti chenye jina lake, Perusi Mugeta, mchanganyaji, ambacho alikisubiri miaka mitatu, akifanya kazi ya mchanganyaji kwa jina la kibarua. Kanuni ilisema kwamba mtu ambaye chakula chenye sumu kimetoka mikononi mwake na kufika majini hapewi cheti mwaka mzima, na halipwi zaidi ya kibarua. Yeye alikuwa na miaka hamsini na moja. Mwaka mmoja kwake haukuwa kitu kidogo.

"Shemeji, hatumuibii mtu," alisema Bwire kwa upole. "Tunawasaidia watu wasidanganyike. Wewe na mimi tunajua majani hayana kosa. Ukisema ulifunika, unafikiri wenye malori watasikia neno 'kufunika'? Watasikia neno 'sumu'. Hilo tu."

Hilo ndilo lililomgusa zaidi, kwa sababu lilikuwa kweli.

Perusi aliomba dakika tano. Aliingia nyuma ya magunia, mahali ambapo kila asubuhi alikuwa na desturi ya kusimama kabla ya kazi, akapiga magoti. Hakuomba ishara. Alikuwa ameomba ishara mara nyingi maishani na amejifunza kwamba Mungu hujibu zaidi kwa mambo yaliyo mbele ya macho. Alisema, "Bwana, nisaidie niseme kabla sijapata akili ya kunyamaza." Kisha akasikiliza maji yakigonga nguzo chini ya sakafu.

Aliwaza kuhusu viwanda vingine. Vilikuwa arobaini na kitu, kuzunguka ziwa lote, na vyote vilitumia kitabu kimoja cha mafunzo na chachu moja. Katika kila kimoja alikuwapo mwanamke kama yeye, aliyelelewa na mama kama wake, na wadudu wa ziwani hawakuwa wageni wa Bwisengo peke yake. Yupo atakayefunika. Pengine mwezi huu, pengine mwakani. Na turubai lake linaweza kuwa refu zaidi, na samaki wake wadogo zaidi, wasio na nguvu ya kutema.

Alipoinuka, Bwire alikuwa amekaa juu ya gunia, kopo likiwa magotini. Perusi alilichukua, akalifungua. Unga ulikuwa mlaini, umechekechwa mara mbili, umechanganywa na karanga kidogo. Hakuna anayesagia samaki unga wa namna ile.

"Umeutoa wapi?"

Bwire alitazama pembeni. Akasema ulikuwa nyumbani, jikoni, mke wake alikuwa shambani.

"Huu ni uji wa Nyabise," alisema Perusi. Nyabise alikuwa binti wa mwisho wa Bwire, mwenye miezi kumi na minne. "Ni mgao wake wa wiki nzima. Shemeji, tangu nikufahamu umefanya mambo ya kijinga mengi, lakini hukuwahi kumpa samaki chakula cha mtoto. Mrudishie."

Bwire alilipokea kopo. Akatabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo, tabasamu la mtu aliyekamatwa.

"Mama yake angeniua," alikiri.

*

Mkaguzi alikuwa Bi. Kokushubila, mwanamke wa miaka thelathini na tano hivi, mwenye sauti ndogo na macho yasiyo na haraka. Walimpokea kwenye jukwaa la kizimba cha tisa. Alisalimia, akamwita Perusi mama, akapokea salamu za Bwire, kisha akausoma ubao. Hakuonyesha mshtuko. Aliuliza ni tangu lini, akajibiwa. Aliomba cheti cha Mwonjaji, akakisoma, akatikisa kichwa.

"Chakula kiko sawa. Maji yako sawa. Samaki hawaumwi," alisema, kama anayejisomea. "Basi kilichobaki ni samaki wenyewe."

Alisema hakuwahi kuamini maneno ya kukumbuka nyama, lakini hakuja kuandika anachoamini. Alikuja kuandika anachokiona. Akafungua kioo chake cha kazi.

Perusi alishika ukingo wa jukwaa. Maneno aliyoyapanga njiani yalikuwa yamemtoka yote kichwani. Alichofanya ni kuweka kidole gumba chake kwenye ubao, mahali pa mchanganyaji, na taa ndogo ya kijani ikawaka kungoja sababu.

"Mchanganyo wa Jumatatu una sumu ya mihogo," alisema, na sauti yake ikatoka imara kuliko alivyotegemea. "Sababu: wadudu wa ziwani walikuja, nikafunika majani kwa turubai siku mbili. Samaki hawana kosa. Majani hayana kosa. Ni mimi, Perusi Mugeta."

Taa ikazimika. Sababu ilikuwa imehifadhiwa.

Bi. Kokushubila aliweka kioo chini, akafungua mkoba, akatoa vichupa viwili na vipande viwili vya karatasi ya njano. Alimtaka Perusi achukue punje kutoka gunia la majani ya kona, na nyingine kutoka la majani ya katikati, kwa kuwa magunia yalikuwa na namba. Punje zikapondwa, zikaloweshwa maji, karatasi zikaning'inizwa juu yake na vichupa vikazibwa. "Kama ni uongo," alisema, "karatasi zote zitabaki njano, na nitakuuliza kwa nini mtu ajisingizie."

Walisubiri juani. Bwire, ambaye hakuweza kukaa kimya kwa muda huo wote, alimsimulia mkaguzi jinsi sangara wa kizimba cha nne walivyomng'ata kidole mwaka jana, na akamwonyesha kovu. Perusi hakusikia. Alikuwa anatazama karatasi. Ya kona ilibaki njano kama ua la alizeti. Ya katikati ilianza kukolea pembezoni, ikawa rangi ya chungwa, kisha ikawa nyekundu kama tofali.

"Basi," alisema Bi. Kokushubila.

Kwa kuwa sababu ilikuwa imetolewa, mashine ya kulisha ilikubali kubadili. Magunia ya mchanganyo wa wiki iliyopita yaliletwa kutoka kizimba cha nane, na Bwire akayapakia. Mdomo wa mashine ulizunguka, ukatema punje juu ya maji kwa upana, zikatua kama matone ya mvua ya kwanza.

Hakukutokea kitu. Punje zilielea. Samaki mmoja mkubwa alipanda, mgongo wake ukang'aa, akakaribia, akageuka. Perusi alijua kwa nini: siku mbili wamekutana na uchungu, sasa hawaamini tena mkono unaowalisha. Bwire aliacha kusimulia. Mkaguzi alishika kidevu.

Ndipo mlio mmoja ulisikika kwenye kipaza sauti cha ubao. Mfupi, mzito. Kizibo kimeng'olewa chupani.

Wakangoja milio miwili myepesi ifuate. Haikufuata.

Ukaja mlio mwingine, na mwingine, kisha mitatu kwa pamoja, kisha haikuhesabika tena. Maji ya kizimba yalichemka kwa mikia na migongo, na jukwaa likatikisika mpaka Bi. Kokushubila akamshika Bwire mkono asianguke. Ubao uliandika wanasita, ukafuta, ukaandika wanameza. Chini yake idadi: elfu nne na kumi na wawili. Hakuna hata mmoja aliyepungua.

Perusi alikaa chini pale pale kwenye mbao zilizolowa. Alicheka, halafu akagundua kwamba analia, na hakujaribu kuamua ni kipi kati ya hivyo viwili. Alisema, "Asante, Bwana," mara nyingi, kwa sauti ya chini, kama mtu anayemshukuru jirani aliyemletea maji. Bwire alimpa mkono ainuke, naye akasema amwache kidogo, jua lilikuwa zuri.

"Shemeji," alisema Bwire, "umelowa nyuma yote. Watu watasema mengine."

"Waache waseme."

*

Waliandika taarifa kwenye meza ya ofisini, mkaguzi upande mmoja, Perusi upande wa pili. Bi. Kokushubila alisoma kwa sauti alichoandika: kwamba kizimba kimoja kilikataa chakula, sababu imepatikana na kuthibitishwa, samaki walirudia kula chakula cha majani siku hiyo hiyo, na kwamba kwa maoni yake majani hayajashindwa. Alisema wenye malori wangekasirika sana. Alilisema hilo bila huzuni.

Kisha alitoa bahasha yenye cheti, akaiweka mezani, akaiacha pale kidogo, akairudisha mkobani. Alisema anasikitika. Kanuni ni kanuni, na mwaka mmoja ni mwaka mmoja. Perusi aliitikia kwamba anaelewa, na alishangaa kuona ni kweli anaelewa. Kifua chake kilikuwa chepesi. Alikuwa na njaa, njaa ya kweli, ambayo hakuisikia tangu jana.

"Ninataka kukuuliza kitu kingine," alisema mkaguzi. Alikuwa ameshika kitabu cha mafunzo, kile cha viwanda vyote, akikifunua kuanzia mwanzo. "Ni wapi humu walipokukataza kufunika?"

Perusi alifikiri. Alikijua kitabu kile karibu neno kwa neno. Kilieleza upana wa vitanda, kina cha majani, siku za kutandaza, kiasi cha chachu. Hakikusema popote.

"Sikukatazwa," alijibu. "Lakini nilifundishwa kwamba sumu inapaa. Ningepaswa kufikiri."

"Waliokiandika walidhani mtu akiona kitanda kiko wazi atakiacha wazi," alisema Bi. Kokushubila. "Hawakuwahi kuishi na shangazi yangu." Akafunga kitabu. "Mama, wadudu wakija mbele yangu hivi sasa, na mimi ningefunika. Nakiri hilo nikiwa na shahada mbili."

Alisema kitabu kingeongezwa ukurasa, na kwamba ukurasa huo ungefika viwanda vyote kabla ya msimu wa wadudu wa mwezi ujao. Angeweza kuuandika mwenyewe. Alijua lugha ya kanuni. Alianza hata: vitanda vya kuchachushia visizibwe kwa kifaa chochote kisichopitisha hewa. Perusi alisikiliza, kisha akauliza kwa heshima kama anaweza kujaribu yeye. Wanawake wa zamu, alisema, wanasoma kanuni kama wanavyosoma karatasi ya dawa. Wanairuka.

Mkaguzi alimsukumia karatasi. Perusi alichukua muda mrefu. Aliandika, akafuta, akaandika tena, midomo yake ikicheza. Bwire alileta sahani ya matobolwa, viazi vitamu vilivyokaushwa, akaiweka karibu naye. Alipomaliza, Bi. Kokushubila alivuta karatasi akasoma.

*Wewe uliye zamu leo. Wadudu wa ziwani wakija utataka kufunika majani. Usifunike. Mimi nilifunika. Waache waangukie humo, sangara huwala na hawalalamiki. Najua nyumbani kwenu chakula kilicho wazi ni aibu, na kwetu pia. Lakini majani haya yana sumu inayotoka, na ikikosa njia inabaki ndani, na mashine inaweza isiione. Kama umeshafunika, usiogope. Sema mapema. Mimi nilisema siku ya pili samaki walipokataa kula, na wote walikula mchana ule ule.*

Mkaguzi alisoma mara ya pili. Kalamu yake ilisimama juu ya neno usiogope. Alisema kwamba kwa kawaida neno kama hilo haliwekwi kwenye kitabu cha kazi, kwa sababu si maelekezo.

"Ndilo maelekezo," alisema Perusi.

Bi. Kokushubila alifikiri, akainua kalamu, akaliacha. Aliuliza aandike nani chini ya ukurasa, kwa kuwa kitabu kilitaja vyeo, na yeye cheo hana bado. Bwire alipendekeza aandikwe shemeji wa Bwire, maana hicho ni cheo kinachojulikana ziwa lote. Perusi alimwambia anyamaze ale.

"Andika Perusi Mugeta," alisema, "mchanganyaji asiye na cheti."

Mkaguzi akaandika hivyo hivyo, kwa herufi za wazi, akaikunja karatasi mara moja na kuitia mkobani juu ya vingine vyote.